Mgomba Uliovaa Shati la Bright

Zedekia wa Bwera mlikuwa mkimwona kwenye harusi, na kwenye misiba mlimwona zaidi. Mtu mrefu, mwembamba, koti lina mifuko kumi na mbili, kamera begani, anapanda juu ya viti vya watu bila hata kusema samahani. Miaka kumi na minane alifanya kazi hiyo. Kutoka Karambi mpaka Kasese mjini, hakuna mtu aliyezikwa kwa heshima bila Zedekia kusimama ukingoni mwa kaburi na kusema, "Sogeeni kidogo jamani, mnaniziba." Watu walimlaani kimoyomoyo. Wiki mbili zikipita, haohao walimfuata nyumbani kuulizia video yao.

Misiba ndiyo iliyomharibu kichwa. Mtu alipokuwa hai alilala kwenye mkeka uliotoboka; siku ya kufa analazwa juu ya satini. Hakuwahi kumiliki hata tai. Siku ya kufa anavishwa suti nzima. Na waombolezaji wakipita mbele ya jeneza, kila mmoja anatoa neno lilelile: "Amependeza. Kama amelala." Zedekia alilisikia neno hilo mpaka likamwotea masikioni. Siku moja, kwenye msiba huko Bugoye, likamchekesha. Alicheka nyuma ya kamera peke yake hadi picha ikatikisika, na wenye msiba wakadhani analia, wakampa kiti.

Hapo ndipo filamu yake ilipozaliwa. Aliipa jina Marehemu Amependeza. Ni habari ya mpambaji wa majeneza ambaye anaona watu wa siku hizi wanakufa ovyo, hawana ustadi. Huyu kaanguka chooni, yule kagongwa na boda. Basi anaamua kuwasaidia. Anawaua kwa mpango, anawapanga kwa maua na vitambaa, halafu anarudi nyuma hatua tatu, mikono kiunoni, kuitazama kazi yake. Akisikia kuna mtu kauawa kwa panga huko bondeni, anafoka, na si kwa kumhurumia marehemu. "Kazi gani hii!" anasema. "Hata ua moja hakuna!"

Msinikunjie uso. Watu wa Bwera wamezika sana, na anayezika sana asipojifunza kucheka atafuata yeye. Zedekia alilijua hilo kuliko wengi, maana nyumbani kwao kulikuwa na mtu aliyepotea, na hajazikwa.

Huyo alikuwa Bright, mdogo wake, mtoto wa mwisho wa mama yao Yayeri. Miaka sita iliyopita Bright alivuka mpaka na mzigo wa sabuni kwenda kuuza Beni, upande wa Kongo, akamwambia mama yake, "Jumapili niko hapa." Barabara ile wakati huo ilikuwa haiaminiki. Gari alilopanda lilikutwa limechomwa kando ya njia, tupu. Mwili haukuonekana, simu haikupigwa, na Jumapili zikaanza kupita moja baada ya nyingine.

Sasa kwa watu wa huko milimani, mtu akipotea hivyo, kuna namna ya kumaliza. Wazee wanakata shina la mgomba lenye urefu wa mtu, wanalivika nguo yake, wanaliita jina lake, wanalizika. Hapo analiliwa, matanga yanakaliwa, na watu wanaweza kulala. Ukoo ulimjia Yayeri mara tatu na shauri hilo. Mara tatu aliwapa chai, akawasikiliza vizuri, akawajibu neno moja: "Mutoto wangu hakuzaliwa na mgomba."

Badala yake alitunza shati. Lilikuwa shati la drafti la buluu, na kwenye kiwiko cha kushoto lilikuwa na kiraka alichokishona yeye mwenyewe kwa uzi mwekundu, kwa sababu siku ile uzi wa buluu ulikuwa umekwisha. Alilihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alilitoa, akalifua, akalianika uani, akakaa pale kulilinda mpaka likauke. Jirani wakipita walisalimia, na macho waliyapeleka pembeni. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Haya. Turudi kwenye filamu, maana ndiko tulikolipotezea hilo shati.

Muuaji aliigizwa na Wahabu, mwenye pikapu ya kubeba mizigo kati ya Bwera na Kasese. Mtu mnene, mcheshi, hajawahi kuchinja hata kuku wake mwenyewe. Huwaita watu wamchinjie, naye anasimama nyuma ya nyumba. Lakini mpe maua na umwambie apambe maiti, utaapa alizaliwa kwa kazi hiyo. Marehemu waliigizwa na vijana wa mtaani, mmoja baada ya mwingine, wamepakwa unga usoni, wanabana pumzi na kuumwa na siafu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka marehemu wa mwisho, yule ambaye muuaji anamwita kazi yake kubwa kuliko zote, na ambaye ilibidi afukiwe kwenye shimo mbele ya kamera.

Ronnie ndiye alikuwa aigize. Alifika Karambi asubuhi, akalitazama shimo, akavua viatu, akalitazama tena, akavaa viatu. "Dairekta," akasema, "kufa nitakufa hata mara kumi. Lakini humo ndani siingii. Kaburi likikuonja, litakukumbuka." Akapanda boda akaenda zake.

Ikabaki kukata mgomba. Ni wazo la nani, hata leo hawakubaliani. Walirudi Bwera, wakakata shina nene, wakalipa kichwa cha majani makavu, na hapo ikatakiwa nguo. Nani atoe shati lake likazikwe? Kila mtu alikishika kifua chake. Wahabu akasema la kwake ni la kuswalia. Jioni hiyo Zedekia akarudi nyumbani. Mama yake alikuwa shambani anachimba muhogo. Akaingia chumbani, akavuta sanduku la bati. Alijiambia ni la kuazima tu, kesho kutwa atalifua na kulirudisha, na mama hatalitoa mpaka Jumamosi ya kwanza. Kwani shati la kutunzwa lina kazi gani nyingine? Ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na kazi anayoipenda.

Kesho yake wakaupakia mgomba kwenye pikapu, umeshavaa, umelazwa chali. Kwenye kizuizi cha njiani askari akanyoosha mkono.

"Simama! Zima gari! Beba nini?"

"Mgomba, afande," Wahabu akajibu.

Afande akazunguka nyuma. Alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa milima hiyohiyo. Alipouona mgomba na shati lake, akavua kofia yake polepole akaishika kifuani. "Poleni sana," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Ni nani huyu?"

"Si mtu, afande. Ni filamu tu," akasema Zedekia, akitabasamu.

Afande akairudisha kofia kichwani. Uso ulikuwa umemharibika. "Filamu! Tangu lini mgomba ukavaa shati kwa mchezo? Nendeni. Ondoka hapa! Lakini msije mkaita jina la mutu."

Wakacheka njia nzima. Wahabu alimwigiza afande mpaka machozi yakamtoka.

Wakafika, wakapiga picha. Mawingu yalikuwa yameshuka toka mlimani, ikabidi kufanya haraka na kwa mara moja. Wahabu aliulaza mgomba shimoni, akaupamba maua, akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Huyu sasa amependeza. Huyu hata mama yake akimwona ataona wivu." Halafu akaanza kufukia. Udongo ukaanguka kifuani, ukafunika vifungo, ukafika kwenye kiwiko chenye uzi mwekundu. Na Zedekia, jicho kwenye kamera, bila kukusudia, mdomo wake ukatamka polepole: "Bright."

Alishtuka mwenyewe. Lakini mvua ilikuwa imeshafika. Waliikimbiza kamera kwenye pikapu, na mvua ile ya Karambi mnaijua, haina adabu. Siku tatu haikukatika. Waliporudi na jembe, ukingo wa juu ulikuwa umeporomoka, na pale palipokuwa na shimo palikuwa uwanja wa matope. Walichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Shati hawakulipata.

Jumamosi ya kwanza ilipofika, Zedekia alikaa sebuleni akisubiri kelele. Alikuwa amejiandaa kuungama kila kitu. Alisikia sanduku likivutwa, likifunguliwa. Halafu mama yake akatoka mbio, mtu wa miaka sabini na mbili, kilemba mkononi, uso unang'aa.

"Zedekia! Amekuja! Bright amekuja kuchukua shati yake!"

"Mama..."

"Nyamaza nikwambie! Alikuja nikiwa shambani. Iko hai! Labda anaogopa watu, labda kuna kitu kilimupata huko, anaona haya. Lakini amekuja. Nani mwingine angechukua shati moja ya zamani, akaacha redio na pasi?"

Akapiga magoti palepale sakafuni akamshukuru Mungu. Zedekia alifungua mdomo, neno likafika kwenye meno, likarudi tumboni. Mtu gani angeweza? Ukiniambia wewe ungeweza, nitakusikiliza tu kwa heshima.

Kuanzia siku hiyo, kila jioni Yayeri alipika sahani moja ya ziada, ugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo huohuo, akaifunika na kuiweka kwenye dirisha la nyuma, ili mwanawe anayeona haya aje ale. Asubuhi ya kwanza Zedekia alipita hapo akienda kazini, akaikuta sahani vilevile, haijaguswa. Akamfikiria mama yake akiamka na kuiona. Alimwona akizeeka miaka kumi kwa mara moja. Basi akasimama palepale dirishani, akala. Alikula chote, baridi, bila kuketi, kama mwizi. Sombe ile ilikuwa chapwa, haina chumvi hata chembe. Nyuma ya mlango alimsikia mama yake baadaye akiimba, sahani tupu mkononi.

Sasa ukishakula asubuhi ya kwanza, ya pili utaachaje? Wiki saba alikula chakula cha ndugu yake. Mama alinenepa mashavu. Alirudi kwenye kwaya ya kanisa aliyoiacha miaka sita. Akaulizia bei ya mabati, chumba cha Bright kisije kikavuja. Na Zedekia mchana anaikata na kuiunga filamu yake kwenye kompyuta, anafika kwenye picha ya mwisho, anasikia sauti yake mwenyewe ikinong'ona "Bright" chini ya mlio wa udongo. Angeweza kuifuta. Ni kazi ya kubonyeza mara mbili. Kidole kilikuwa kinafika kwenye kitufe, kinarudi.

Hata picha yenyewe angeweza kuiondoa. Wahabu alimwambia, "Zede, toa hiyo sehemu. Mama akiiona utamuua." Zedekia akajibu kwamba filamu bila mwisho huo ni takataka, na kwamba mama yake hajawahi kukanyaga ukumbi wa video tangu azaliwe. Yote mawili yalikuwa kweli. Alikuwa na miaka arobaini na moja, alikuwa amepiga picha za maisha ya watu wengine tangu ujana, na hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza na pekee. Aliipenda. Hilo nalo tuliseme.

Filamu ikaonyeshwa Bwera, Jumamosi saa nane mchana. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Zedekia alikuwa amemwambia mama yake kwamba ni picha za wahuni, hazimfai mtu wa kanisa. Yayeri aliitikia vizuri kabisa. Halafu akavaa gauni lake la Krismasi, akaingia na akina mama wa kwaya, akakaa karibu na mlango.

Zedekia alimwona taa zilipokuwa zinazimwa. Alitaka kwenda kumtoa, lakini watu walikuwa wamebanana kuliko samaki wa Kasenyi kwenye kikapu. Akabaki ukutani anamtazama. Na kitu kikamshangaza: mama haangalii filamu. Watu wanavunjika mbavu, Wahabu ndani ya picha anawafokea wauaji wasio na sanaa, naye Yayeri kageuka upande, anachungulia nyuso za vijana, mstari kwa mstari, kila kichwa kinachoingia mlangoni. Ndipo Zedekia alipoelewa. Hakuja kuona filamu. Kwenye umati kama huu, kwenye giza la mchana, mtu anayeona haya angeweza kuja kuona kazi ya kaka yake. Alikuja kumtafuta Bright.

Zedekia alianza kusukuma watu kuelekea kwenye mashine ya kuonyeshea picha. Alikanyaga miguu, akatukanwa. Hakufika. Picha ya mwisho ikaanza, na ukumbi ulipoona mgomba umevaa shati, ukalipuka. Watu walipiga miguu chini. Kicheko kile ndicho kilichomgeuza Yayeri uso ukutani.

Alisimama. Akatembea katikati ya watu kuelekea mbele, na watu wakampisha, kwa sababu gauni lilikuwa la heshima. Akafika kwenye ukuta wenyewe, picha inamwangukia mgongoni, akanyoosha mkono akagusa pale penye uzi mwekundu. Udongo ukawa unaanguka juu ya mkono wake. "Mama, kaa chini!" mtu akapiga kelele, na wengine wakacheka zaidi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Halafu ukumbi ukanyamaza kidogo kuvuta pumzi, na katika kimya hicho kila mtu akasikia, ndani ya filamu, mwanamume asiyeonekana akinong'ona, "Bright."

Wenyeji wa pale hawakuhitaji kuelezwa. Kicheko kilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Mzee mmoja akavua kofia. Zedekia akauchomoa ukutani waya wa mashine.

Mama hakulia. Alirudi nyumbani kwa miguu katikati ya wanakwaya wake, na jioni hiyo hakupika sahani ya ziada. Asubuhi, kabla ya ibada, akasema maneno mawili tu: "Nipeleke huko."

Wahabu aliwapeleka kwa pikapu. Walipofika Karambi akaruka chini na jembe. "Mama, mimi ndiye niliyefukia," akasema. "Wallahi sikujua shati ni la nani. Nitachimba mpaka nilipate. Nitachimba hata wiki."

"Wacha, mutoto wangu," Yayeri akamwambia. "Weka jembe. Mutu hazikwi mara mbili."

Akatandika kitenge chake juu ya udongo ule, ambao sasa ulikuwa umeota majani mafupi, akaketi. Zedekia akabaki amesimama pembeni. Kwa mazoea alikuwa amesimama palepale anaposimama kwenye makaburi ya watu, upande wa jua, mikono haina kitu. Kamera ilikuwa garini.

"Jina lake uliita wewe," mama akasema.

"Ni mimi, mama. Sikukusudia."

"Nilisikia. Uliita vizuri." Akachuma jani moja, akalitupa. "Miaka sita wazee walinibembeleza niite jina hilo. Nikawashinda. Wewe ukaita kwa watu wanaocheka."

Zedekia akapiga magoti. Alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe alilidharau kabla halijatoka, akaliacha. Chini bondeni kengele ya kanisa ililia, ikakoma.

"Kile chakula," Yayeri akasema. "Cha dirishani. Nani alikuwa anakula?"

"Mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote, mama."

Akamtazama mwanawe aliyebaki kwa mara ya kwanza tangu jana. "Bright tangu utoto alikataa chumvi. Nilikuwa ninapika bila chumvi."

"Nilijua, mama. Ilikuwa chapwa."

"Wiki saba ukala sombe bila chumvi, baridi."

"Nilikula."

"Na ukamaliza sahani."

"Nilimaliza."

Yayeri akakitazama kitenge alichokalia. Akakipapasa kwa kiganja, kama mtu anayepapasa kifua cha mtoto aliyelala. Halafu akafungua kilemba, akakitupa, akaweka mikono yote miwili kichwani, akalia. Kilikuwa kile kilio kirefu cha mwenye msiba, kile ambacho wanawake wa vilima vya mbali wakikisikia huacha majembe na kuanza kushuka. Zedekia alikuwa amerekodi vilio vya watu miaka kumi na minane, na cha mama yake alikuwa hajawahi kukisikia. Wahabu alikimbia kuwapokea wanawake waliokuwa wanakuja mbio kutoka mashambani, wakiuliza ni nani aliyefariki, na yeye ndiye aliyewajibu.

"Bright," akawaambia. "Mtoto wa Yayeri wa Bwera. Amezikwa hapa."